Viatu Pembeni ya Shimo la Kwanza

Mafyekeo niliyowakabidhi wiki iliyopita yana makali, nimeyanoa mwenyewe, kwa hiyo asije mtu akasingizia chuma. Mmeniomba niwaandikie jinsi uwanja wetu ulivyoanza na jinsi mashindano yanavyoandaliwa mpaka wageni waondoke wakicheka. Nitaandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyeo vilikuja kwa kuchelewa na mishahara ilikuja pungufu, na hayo hayana cha kumfundisha mtu. Nitawaandikia habari za enzi za Mjerumani, kabla ya vita vilivyomwondoa, kwa sababu kila mnachokifanya leo pale uwanjani kilianzia huko, hata lile mnaloliuliza kila mwaka na mimi nikawajibu kwa mkato kwamba ndiyo desturi.

Reli ilikuwa haijamaliza miaka mingi tangu ifike Morogoro nilipoanza kazi. Nilikuwa nimesoma shule ya serikali, najua kuandika, kuhesabu na kusema Kijerumani cha kuombea ruhusa. Nilimwendea mzungu mmoja mwenye shamba la katani na mpira chini ya milima, nikitumaini kupata kazi ya ukarani. Jina lake la kwao lilikuwa refu na gumu mdomoni. Sisi tulimwita Bwana Haraka, kwa kuwa neno hilo ndilo lililotangulia katika kila alilosema, hata alipokuwa anaagiza chai.

Bwana Haraka hakunipa kalamu. Alinipa fimbo ndefu yenye kichwa cha chuma, nikadhani ni ya kuulia nyoka. Kisha akatoa kipira cheupe, kigumu kama kokwa, akakiweka juu ya kirundo kidogo cha udongo, akakipiga kikaruka na kupotelea vichakani. Akaniambia nikakitafute. Nilihangaika miibani mpaka nikakipata, nikakirudisha nikihema, nikampa kwa mikono miwili kwa adabu. Akakishukuru kile kipira, akakiweka chini, akakipiga tena kulekule. Nikaona ama mtu huyu ananipima subira, ama kuna jambo kwao halikwenda sawa.

Jioni nilimweleza mama kazi niliyopata. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule bwana ana ndugu wa kumwangalia. Baadaye nilijua kuwa Bwana Haraka aliwahi kufanya kazi kwa wafanyabiashara wa kamba huko Uskochi, na huko ndiko alikoambukizwa gofu. Alipofika kwetu aliona pori, mto na mlima, na badala ya kuona pori, mto na mlima, akaona mashimo ya kuchezea. Akafyeka sita.

Aliyenifundisha kazi si yeye. Ni Mzee Kasanda, Mnyamwezi, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye misafara akiwa mnyapara wa wapagazi, kutoka Tabora hadi pwani na kurudi. Treni ilipoanza kubeba mizigo, wapagazi walibaki na mabega matupu, naye akaishia kwetu akisimamia wakata nyasi. Wanyamwezi na sisi ni watani, na Mzee Kasanda hakuuacha utani ulale hata siku moja.

"Nyie Waluguru," aliniambia siku ya kwanza, "mmezoea milima mpaka mkiwekwa kwenye tambarare mnaanguka. Sasa wewe utasimamiaje uwanja?"

"Shikamoo, mzee," nikamjibu. "Na nyie mmezoea kubeba mpaka mkilala mnajitwika mto wa kitanda."

"Marahaba. Huyu atafaa," akawaambia wenzake.

Alinifundisha mambo ambayo hamtayaona kwenye kitabu chochote cha mchezo. Kabla hujamfikiria mchezaji, mfikirie mtu anayembebea fimbo zake: amekula nini, atakunywa maji wapi, na mzigo wake una kamba ya kupitisha begani au anaukumbatia kama mtoto. Mbeba fimbo mwenye njaa, alisema, hukiona kipira kikianguka akanyamaza. Mitungi ya maji iwekwe kivulini kabla jua halijatoka, si baada ya mtu kuuliza. Wachezaji wasemao sana wasipangwe pamoja, la sivyo watu wote walio nyuma yao watasimama juani wakizeeka. Na anayejisifu kuliko wote apewe mbeba fimbo mpole kuliko wote, maana siku itamharibikia na lazima awepo mtu wa kumlaumu asiyejali.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuungaunga. Nyasi tulikata kwa mafyekeo, na kuzunguka kila shimo palikuwa na duara, mahali pa nyasi fupi sana, ambapo kipira hakirushwi tena bali kinasukumwa taratibu kiingie. Maduara hayo tuliyakata kwa visu vya jikoni tukiwa tumepiga magoti, na tukiyamaliza tuliyalaza kwa gogo la mninga tulilolivuta kwa kamba ya katani. Ndani ya mashimo tulizika mikebe ya maziwa. Bendera zilikuwa vipande vya kitambaa cha marekani vilivyotiwa rangi ya magome, na mbuzi walizipenda kuliko majani. Nimewahi kumfukuza mbuzi mwenye bendera ya shimo la nne mdomoni mpaka karibu na stesheni.

Sasa nifike kwenye lile jambo lenyewe.

Kule nyuma ya shimo la sita kuna bonde. Mnalijua. Udongo wake mweusi, maji ya mlimani yanapita katikati, na mpunga wake hauhitaji kubembelezwa. Kwetu Uluguru ardhi hufuata upande wa mama, na bonde lile lilikuwa la ukoo wa mama yangu tangu hatujui lini. Aliyekuwa akiligawa, nani alime wapi na mwaka gani, ni dada mkubwa wa mama, Binti Mloka. Kwa hiyo kwangu alikuwa mama mkubwa, na kwa wengine wote alikuwa mtu wa kumpisha njiani. Alikuwa mfupi, sauti yake nzito, na ufagio wake ulikuwa hautui chini.

Mwaka huo Bwana Haraka alialika wachezaji wa Dar es Salaam waje kwa treni kushindana kwenye sikukuu ya kuzaliwa Kaisari, mfalme wao. Ilikuwa mara yake ya kwanza kualika watu wengi, naye akawa hapati usingizi. Rafiki yake mmoja akamwambia kwa dhihaka kuwa uwanja wa mashimo sita ni wa kuchezea watoto, angalau yafike tisa. Asubuhi iliyofuata nikaona vigingi virefu vyeupe vimepigwa bondeni, katikati ya mpunga ulioanza kufika magotini.

 Miaka ile mzungu akitaka ardhi alipewa, na mwenye ardhi akienda bomani kulalamika alirudi na alama za kiboko. Chakula cha nyumba zetu zote kilitoka kwenye bonde lile. Nikamfuata Bwana Haraka barazani kwake, nikamwambia, "Bwana, wageni hawajauona uwanja. Wacha kwanza wacheze haya sita. Pengine watayapenda."

"Hawatapenda. Watacheka," akasema.

"Na wakipenda?"

 Sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa kuchekwa, na wa namna hiyo huwaumiza wengine akiwa hana hata habari.

"Wakisema watarudi mwaka ujao, vigingi vitoke," akasema. "Wakinung'unika, siku ya pili yake nafyeka mpunga wote. Haraka. Nenda."

Nikaenda kumweleza mama mkubwa. Alikuwa anapalilia na wanawake wenzake, na kigingi kimoja kilikuwa hatua chache kutoka jembe lake. Nilimwambia yote bila kuficha: wageni wakifurahi bonde linabaki, wakichukia linakwenda. Akang'oa gugu, akalikung'uta udongo, akauliza, "Wageni hao wanakuja lini?"

"Kesho kutwa, kwa treni ya jioni. Watalala mjini, asubuhi yake waanze kucheza."

"Vizuri," akasema, akaendelea kupalilia. Nikadhani amekata tamaa. Sikumjua bado, pamoja na kwamba ndiye aliyenilea.

Siku ya wageni kufika nilikuwa stesheni tangu asubuhi na Mzee Kasanda na wabeba fimbo wote. Tulikuwa na mambo mengi: mikokoteni, vitanda, kuku, barafu iliyokuja imekuwa maji, na bwana mmoja wa bomani aliyetaka kujua nani ameliruhusu gogo letu la mninga kupita barabara kuu. Maduara tulikuwa tumeyakata na kuyalaza jana yake. Yalikuwa mazuri kiasi kwamba nilitamani kulala juu yake. Alasiri, mambo ya stesheni yalipotulia, tulimwacha Bwana Haraka akiwangoja wageni wake, tukarudi uwanjani tuyatazame kwa mara ya mwisho.

Tulipofika kwenye shimo la kwanza nilidhani nimepotea njia.

Nyasi hazikuwepo. Duara lote lilikuwa limepigwa jembe mpaka kwenye udongo mwekundu, mizizi imeokotwa mmoja mmoja, kisha likafagiliwa kwa ufagio wa vijiti, mistari yake imezunguka shimo vizuri kama ukili wa mkeka. Nikakimbia shimo la pili. Vilevile. La tatu, vilevile. Kwenye la sita niliwakuta wenyewe, wanawake wa bondeni wote, majembe chini, wanajifuta jasho, na mama mkubwa ameshika ufagio anamalizia.

"Shikamoo, mama," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Marahaba, mwanangu. Umeona? Tumekusaidia." Akanyoosha mgongo. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha. "Wageni watoke Dar es Salaam waje wakute majani mpaka mlangoni! Si wangetuona watu wa porini? Nikawaambia wenzangu, mtoto wetu ana kazi nyingi mjini, hakupata nafasi ya kulima hapa. Tangu alfajiri tuko hapa."

Ninyi mmezaliwa huku, sina haja ya kuwaeleza sana. Ni nani kati yetu anayemkaribisha mgeni kwenye ua wenye nyasi? Nyasi mbele ya nyumba ni nyumba ya mgonjwa, au ya mvivu, au ya mtu aliyehama. Ukitaka kumheshimu mgeni unalima, unafagia, unamwachia udongo mtupu na alama za ufagio, ili hatua yake iwe ya kwanza. Wale akina mama walifanya hivyo hasa, tena kwa nguvu zao zote, kwa sababu bonde lao lilikuwa linategemea furaha ya wageni. Nilikaa chini. Machozi yalinitoka na sikuona haya.

"Mbona unalia?" akauliza mama mkubwa.

Mzee Kasanda ndiye aliyemweleza, maana mimi sikuweza. Alimweleza taratibu, bila utani hata kidogo, kwamba wazungu hawa walikuwa wanazitaka zile nyasi, na kwamba tulikuwa tumezilea kwa miezi.

Wanawake wakatazamana. "Wanataka nyasi?" mama mkubwa akauliza. "Za nini? Wanafuga?"

"Kipira kinaviringika juu yake kwenda shimoni. Kwenye udongo uliolimwa hakiendi. Kinazama."

 Nikaona furaha inamtoka usoni, na hilo liliniuma kuliko nyasi. Akatazama bondeni, kwenye vigingi. Akageuka akatazama duara. Akainama, akachukua udongo, akaufinya.

"Kama shida ni kuviringika," akasema, "uwanja wa kuanikia mpunga unaviringisha hata punje. Nyie choteni maji huko mtoni. Sisi tunasiriba."

"Mama, jua linakwenda kuzama."

"Basi usinicheleweshe."

Sijawahi kuona kazi kama ile. Wakagawana maduara yote. Wengine walikwenda mazizini kuleta samadi ya ng'ombe, wengine majivu ya mekoni, wengine udongo wa kichuguu, ule unaoshika. Wabeba fimbo wa Mzee Kasanda, wengi wao wapagazi wa zamani, walichota maji, na kwa mara ya kwanza tangu treni ije niliwasikia wakiimba nyimbo za safari. Udongo ukapondwapondwa kwa miguu, ukamwagwa, na akina mama wakaupaka kwa viganja kuanzia kwenye mkebe wa shimo kwenda nje, wakirudi kinyumenyume ili wasikanyage walipopita. Mawingu yalishuka kutoka Uluguru mpaka nikaanza kuisikia mvua masikioni, lakini yakakaa hukohuko juu.

Duara la kwanza liliposhika kidogo nilitoa kipira mfukoni, nikakisukuma kwa kidole tu. Kiliondoka, kikapita shimo, kikatoka nje ya duara, na kingefika Kilosa kama jiwe lisingekizuia.

"Sasa kinakwenda mno," nikasema.

"Huyu haridhiki," akasema mama mkubwa. Akaagiza ungo na chekeche, mchanga laini wa mto ukaletwa, wakaunyunyiza juu mwembamba kama unga kwenye sinia, wakafagia mara moja. Nikasukuma tena. Kipira kikaenda polepole, bila kuyumba, kikaanguka kwenye mkebe. Sauti yake ilikuwa tamu.

Nikamuuliza Mzee Kasanda kama twende mjini tumweleze Bwana Haraka.

"Sasa hivi yuko mezani na wageni," akasema. "Unataka alale na hasira, au unataka aamke akute kazi imekwisha? Kwenye msafara, mtumbwi ukishavuka ndipo unamwambia bwana kuwa ulikuwa unavuja."

Hatukwenda. Sikupata usingizi wa maana.

Asubuhi wageni walifika juu ya mikokoteni, wamevaa vizuri, viatu vyao vina misumari chini ili wasiteleze. Mkubwa wao alikuwa mzee mwenye sharubu nyeupe, mwenyekiti wa wachezaji wa Dar es Salaam, na kila mmoja alikuwa akimtazama yeye kabla ya kucheka. Wabeba fimbo walikuwa wameshampa jina, Bwana Sharubu. Bwana Haraka alikuwa anatembea pembeni yake akisugua mikono. Bwana Sharubu akapiga kipira cha kwanza, kikaenda vizuri, kikaangukia kando ya duara. Sote tukafuata. Mimi nilitembea kama anayepelekwa bomani.

Kutoka mbali Bwana Haraka aliona wekundu. Akasimama. Uso wake nao ukaanza kuwa mwekundu kutoka shingoni kwenda juu, akanigeukia na kufungua mdomo. Lakini Bwana Sharubu alikuwa mbele yetu, hakuwa anatutazama. Alifika kwenye ukingo wa duara, akainua mguu wake wenye misumari ili akanyage.

"Hodi kwanza!"

Mama mkubwa alitoka kivulini akiwa na ufagio, akasimama mbele yake. Alimfikia kifuani. "Vua viatu, baba. Udongo haujakauka vizuri."

 Niliwaza kiboko. Niliwaza bonde. Nilitaka kwenda kumshika mkono nimwondoe, lakini yule mzee alinitangulia kusema.

"Mama," akasema Bwana Sharubu kwa Kiswahili, maana alikuwa amekaa nchini siku nyingi, "unajua mimi ni nani?"

"Nimeona wewe ni mkubwa wa hawa. Ndiyo maana tumesiriba. Na viatu vyako vina misumari." Akaushusha ufagio chini. "Kwenu, mtu akikusiribia nyumba kwa ajili yako, unaingia na viatu?"

Bwana Haraka akaanza kusema, "Nitamwondoa, haraka, nita—" Yule mzee akainua mkono, akamnyamazisha. Alikuwa anatazama ile mistari ya ufagio, imezunguka mpaka kwenye mkebe, haina hata unyayo mmoja. Sharubu zikatikisika.

"Kwetu," akasema, "mama yangu angenipiga na ufagio huo."

Akaketi juu ya kigoda cha mitungi, akaanza kufungua kamba za viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu na kidole gumba kikachungulia nje. Akakitazama, akatutazama, akacheka yeye mwenyewe, na hapo ndipo wote wakapata ruhusa ya kucheka. Akaingia na soksi, akashika fimbo, akakisukuma kipira. Kikafuata mstari wa ufagio, kikapinda nao taratibu, na mkebe ukalia.

Akina mama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyewaambia. Walikuwa wamekaa pembeni wakiwa na hofu kama yangu, na hofu ilipotoka ilitoka kwa sauti. Bwana Sharubu akashtuka, kisha akavua kofia akawainamia. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumpigia vigelegele kwa kusukuma kipira. Baada ya hapo wageni wote walivua viatu bila kuambiwa, vikapangwa kando ya duara kama mlangoni mwa msikiti, na kila shimo lilikuwa na akina mama wake na vigelegele vyake. Niliona watu wazima wenye vyeo wakikazana kuingiza kipira ili tu wapigiwe. Mmoja alikosa mara nyingi mpaka akina mama wakamhurumia, wakampigia hivyohivyo, na akafurahi kuliko aliyeshinda.

Si kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Kwenye shimo la nne mbuzi walikula bendera, kama kawaida yao. Bwana mmoja aliteleza akakaa kwenye udongo uliokuwa bado na unyevu, akatembea mpaka jioni na alama yake nyuma. Wasemaji wawili niliokuwa nimewatenganisha walibadilishana nafasi kwa siri na wakawachelewesha wote. Bwana Haraka alikuwa wa mwisho katika mchezo. Lakini maji yalikuwepo, kivuli kilikuwepo, wabeba fimbo walikuwa wameshiba na hakuna kipira kilichopotea. Mzee Kasanda alikaa juu ya gogo la mninga akiwatazama, akasema, "Mluguru, leo hukuanguka kwenye tambarare." Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa. Sijaisahau.

Jioni, kabla wageni hawajapanda mikokoteni kurudi mjini, Bwana Sharubu alisimama akatoa kikombe kwa mshindi, kisha akamgeukia Bwana Haraka. Aliongea Kijerumani, na hicho kidogo changu kilinitosha. Alisema amecheza kwenye nyasi za kila nchi na amezisahau zote, ila hii hataisahau. Alisema watarudi mwaka ujao, mashimo ni hayahaya, maduara ni hayahaya, na yule mama mwenye ufagio awepo, vinginevyo hawaji.

Bwana Haraka alibaki amesimama mpaka vumbi la mikokoteni likatulia. Nilikuwa nyuma yake, sithubutu kukohoa. Mwishowe aliongea bila kugeuka.

"Vigingi," akasema. "Ng'oa."

Nilingoja neno lake lile. Siku hiyo hakulisema. Mimi nikalitekeleza hata hivyo, nikashuka bondeni mbio kama mwizi. Mama mkubwa na wenzake walikuwa wameshateremka, wananawa miguu mtoni, mikono yao ingali na udongo mkavu mpaka kwenye viwiko. Nilishika kigingi cha kwanza nikakivuta, kikatoka kwa shida na kuacha shimo, na maji ya mpunga yakaingia mle taratibu yakalijaza. Nikamwambia, "Mama, wamesema watarudi."  Alitazama lile shimo likijaa mpaka halikuonekana tena, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Nilidhani analia. Alipofunua uso kumbe alikuwa anacheka, na machozi yapo.

"Kinyumenyume," akasema. "Mwambie bwana wako kwamba siku nyingine wageni nao wajifunze kutoka kinyumenyume. Mmoja ameniachia alama ya kidole kwenye duara la pili."

Basi ndiyo hiyo desturi mnayoiuliza. Mjerumani aliondoka, Mwingereza akaja na nyasi zake kwenye gunia, na hata yeye baada ya misimu michache aliturudishia udongo. Mzee Kasanda alikufa kwetu, tukamzika sisi watani zake na kumcheka mpaka kaburini, kama alivyotaka. Ninyi mnasiriba maduara kabla ya kila mashindano na mnawavua wageni viatu. Msiache. Akija mkubwa akakataa, mwiteni mmoja wa akina mama wa bondeni, wajukuu wa Binti Mloka wamerithi ile sauti.

Vile vigingi mama mkubwa hakuvitupa. Alivitia lami, akavifanya miguu ya dungu, lile jukwaa tunalokalia kufukuzia ndege. Mbao za juu nimebadilisha mara nyingi, miguu ni ileile. Msinitafute uwanjani asubuhi, sitakuwepo. Mpunga umeanza kutoa masuke, na nimeshapangiwa zamu.